Lami Shingoni mwa Ndugu Yangu

Kwa aliyechelewa kuketi nasi: mimi ni Fergus Tierney, mpishi wa wanyoaji kondoo katika shamba la Koorabilla, kando ya mto Darling, mwaka 1893. Mdogo wangu Con, mnyoaji, ameokotwa amekufa nyuma ya banda la kunyolea, shingo imechanwa. Aliyefungwa mnyororo kwa kosa hilo ni Ewan Geddes, anayepanga sufu yetu kwa ubora wake, ambaye Koorabilla nzima inamjua kama rafiki yangu wa chanda na pete.

Wewe msomaji unajua zaidi ya hapo. Nilikwambia tangu mwanzo na sioni haya kurudia. Ewan ni wangu na mimi ni wake. Wakati Con anauawa, Ewan alikuwa chumbani kwangu nyuma ya jiko, mvua inapiga bati, kichwa chake kiko mapajani mwangu.

Kwa hiyo ushahidi wa kumtoa ninao. Nikiutoa, sheria inatupeleka jela wote wawili. Nikiukalia, inamnyonga yeye peke yake.

Haya. Niliishia asubuhi ya mazishi.

Niliomba nimwoshe Con mwenyewe. Sajini Brophy, aliyekuja kutoka mji wa Bourke na farasi wake na kiherehere chake, akasema hakuna haja, maiti itazikwa ilivyo. Nikamwambia, afande, ukitaka kunizuia itabidi unifunge na mimi. Akaniachia.

Mzee Moss alinishikia ndoo. Moss ndiye mpaka lami wa banda letu. Mnyoaji akimkata kondoo kwa bahati mbaya hupiga kelele, "Lami!", na Moss hukimbilia pale na kopo lake na kijiti, akaziba kidonda nzi wasije wakataga. Kwa kawaida kazi hiyo wanapewa watoto. Moss yeye amezeekea humo.

Nilifuta shingo ya ndugu yangu. Damu ikatoka. Kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikutoka.

"Moss, njoo uone hapa."

Akainama. Akaigusa kwa kidole, akakinusa.

"Hii lami," akasema.

Ilikuwa imepitishwa juu ya jeraha mara moja tu, safi, kuanzia chini ya sikio hadi kidevuni. Nilimkamata mzee wa watu ukosi nikambana ukutani.

"Umempaka wewe?"

"Fergus, baba, niachie. Siku ile tulipiga kura kwamba kondoo wameloa. Nimeshinda bwenini nacheza karata na wanyoaji wote. Wamenila tumbaku yangu yote. Kawaulize, mpaka leo wanaivuta."

Hilo lilikuwa kweli. Kura ikisema kondoo wameloa, hakuna mkasi unaoguswa hata mwenye shamba agaagae chini. Siku ile banda lilikuwa tupu.

"Sasa nani?"

"Mtu aliyeifanya kazi hii utotoni," akasema Moss. "Ukiianza mdogo, mkono haukuulizi tena. Mimi nilijikata nikichonga kigingi, nikashtukia nimeshajipaka lami kabla hata sijasikia maumivu."

Nikamwachia. Nikamwomba radhi pia.

Nilimwita sajini aje kuona. Alikuja, akatazama, akasema, "Uchafu wa bandani," akaenda kunywa chai yangu.

Sikuwa mtu mwema siku ile, na sitajifanya nilikuwa. Mtu alimchana ndugu yangu shingo, akampaka lami kama kondoo, akamwacha mvuani atokwe na roho peke yake. Sikutaka mtu huyo afe tu. Kufa kulikuwa kudogo. Nilitaka kwanza alie, na watu wamwone akilia.

Tulipomaliza kumfukia Con nilimpelekea Ewan chakula. Walikuwa wamemfunga kwenye nguzo ya ghala la nyama, linalotazamana na mlango wa banda, mnyororo kifundoni. Akaung'ata mkate, akakunja uso.

"Umezidisha chumvi."

"Unangojewa na kitanzi, na bado unalalamikia chumvi."

"Ndiyo ujue kwamba bado nipo."

Tangu mimi naye tulipomfichua bwana mmoja wa mtoni aliyemtilia mkewe sumu ya panya, Ewan hujiona askari asiye na mshahara. Nikamweleza habari ya lami. Akaacha kutafuna.

"Wanyoaji wengine wote walikuwa bwenini," akasema. "Moss alikuwa nao. Waliokuwa nje ya bweni siku ile ni Con, wewe, mimi, na Thorold."

"Thorold anasema alishinda nyumba kubwa na mchumba wake."

"Anasema."

Bwana Alwyn Thorold ni nyapara wetu. Mtoto wa wakubwa, kama alivyojitangaza, kasomea Melbourne, haingii bandani bila glavu nyeupe. Harufu ya lami humtapisha, kila mtu kasikia. Alikuwa karibu kumwoa Bi Honoria Pell, binti pekee wa mwenye shamba, na siku ya harusi hiyo Koorabilla yote ingekuwa yake.

"Con alikwambia nini juu yake alipofika hapa?" akauliza Ewan.

Nilikumbuka. Con alimwona Thorold kwa mbali akacheka mpaka akakaa chini. Alisema, huyo bwana wenu mbona namjua, jina lake Wally, na ana mke mjini Wilcannia anayemtafuta kila banda. Mimi nikadhani ni mzaha. Con aliishi kwa mizaha.

"Na huyo Wally alikuwa anafanya kazi gani?"

"Hakusema."

"Hakusema kwa kuwa hatukumuuliza. Fergus, fikiri. Con kaingia bandani hajaota hata ndevu, kule chini mtoni. Angekutana wapi na mtoto wa wakubwa wa Melbourne?"

Nikaliona lote kwa mara moja. Utoto wa Con, utoto wa Thorold, na kopo la lami katikati yao.

"Nitamuua," nikasema.

"Ukimuua tutanyongwa wawili, na mimi sitaki kukuona ukining'inia. Muaibishe. Mbele ya yule binti, mbele ya huyu sajini mpenda chai, mbele ya mikasi yote. Ufanye mkono wake useme."

Alinishika vidole kidogo, nikachukua sahani nikaondoka kabla uso wangu haujatusaliti.

Sikufika mbali. Thorold alikuwa amesimama njiani, anafukuza nzi kwa kofia.

"Pole kwa msiba, mpishi."

"Asante, bwana."

"Nasikia unamnong'oneza sajini mambo ya lami."

"Nilimwonyesha tu."

Akasogea karibu. "Dirisha lako halina pazia, unalijua hilo? Siku ya mvua nilipita nikaona kichwa cha Geddes kimelazwa wapi. Nikaona na vidole vyako vinafanya nini kwenye nywele zake. Mimi si mtu wa maneno maneno. Lakini ukinichokoza, sajini atarudi Bourke na wafungwa wawili. Na huko jela watu wa namna yenu hawahitaji kutambulishwa."

Akavaa kofia akaenda zake.

Niliogopa, nakiri. Nilikaa juu ya pipa la maji nikaitazama sahani tupu. Hofu ilipopungua nikaanza kusikia alichosema.

Dirisha langu linatazama njia moja tu. Inatoka nyumba kubwa, inapita jikoni, inaishia nyuma ya banda, pale tulipomwokota Con. Mtu aliyeshinda nyumba kubwa siku nzima hakuweza kupita pale.

Alikuwa amenikabidhi shingo yake, na kwa kamba hiyo hiyo akanifunga mdomo. Nikimtaja, nimejitaja. Nimemtaja na Ewan.

Nilirudi jikoni nikaanza kuoka keki.

Garnet Dooley alinikuta nakoroga mayai. Huyu ndiye mjumbe wa wanyoaji, aliyechaguliwa na wenzake kuwasemea kwa mwenye shamba. Mtu mrefu, mgumu, asiyecheka na mtu.

"Aliyemuua Con hafiki Bourke," akasema huku akijimiminia chai. "Unamkumbuka yule msaliti wa mgomo? Tulimpaka lami ya moto toka utosini mpaka nyayo. Ilipobanduka ilibanduka na ngozi."

"Namkumbuka."

"Basi ujue wanyoaji wanangoja jina la hakika tu."

"Dooley, nisaidie jambo. Kesho asubuhi kengele ikilia, umtume Moss akachote maji. Kopo lake la lami libaki limening'inia kwenye nguzo ya kati."

"Kwa nini?"

"Usiniulize."

"Kama ni kwa ajili ya Con siulizi." Alikunywa chai yote. Mlangoni akageuka. "Ila yule Geddes wako sijawahi kumpenda. Ana kitu. Sijui ni nini, lakini ana kitu."

Niliendelea kukoroga mayai yaliyokwisha kukorogeka.

Bi Honoria nilimpelekea salamu kwamba wanyoaji wanataka kumpongeza kwa uchumba wake. Sajini nilimwambia kutakuwa na keki. Hakuna aliyekataa.

Asubuhi banda lilivuma mikasi. Bi Honoria alipokaribia, mtu akapiga mbiu kama ilivyo desturi mwanamke akija, na matusi yote yakakatika katikati ya sentensi. Alikuja ameshika mkono wa Thorold. Sajini alikuwa nyuma yao, macho kwenye sinia langu.

"Samahani kwa kisu hiki," nikasema. "Ndicho ninachochinjia. Sina kingine."

"Kiko safi?" akauliza sajini.

"Kimekoga kuliko wewe, afande."

Wanyoaji wakacheka. Thorold hakucheka. Alikuwa amenipa mgongo, anamwonyesha mchumba wake marobota ya sufu ambayo karibuni yangekuwa yao. Nguzo ya kati ilikuwa ubavuni mwake. Kopo lilikuwa hapo.

Nilikunja shati. Nikauweka mkono wangu wa kushoto juu ya sinia, na nikajichana, toka kiwiko kwenda chini. Halafu nikapaza sauti kama wanavyopaza wao, kama alivyokuwa akipaza Con:

"Lami!"

Hakugeuka kuangalia. Mkono ulitangulia. Ulilikuta kopo bila macho, ukachomoa kijiti, ukakizungusha ili kisidondoshe. Ndipo mwili ukafuata. Alinijia mbio ameinama, akapiga goti moja, akapitisha lami juu ya jeraha langu mara moja tu, safi, toka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

Glavu nyeupe ikawa nyeusi.

Kisha akainua uso, akaona kwamba mimi si kondoo.

Mikasi ilikuwa imenyamaza.

"Kazi nzuri, Wally," nikamwambia. "Hujasahau."

"Unamwita nani?" akauliza.

"Nakuita alivyokuita ndugu yangu."

Moss alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Kazungusha kijiti," akasema taratibu, kama anayeongea peke yake. "Kakizungusha."

"Nimeona mtu anatoka damu nikamsaidia," akasema Thorold. "Tangu lini kusaidia ni kosa?"

"Alwyn," akasema Bi Honoria, "si uliniambia lami inakutapisha?"

"Honoria, nyamaza kidogo."

"Con naye alipakwa lami," nikasema. "Hivi hivi. Kwa mpako mmoja. Sajini aliona mwenyewe akasema ni uchafu."

Minong'ono ikaanza kwenye mstari wa wanyoaji. Sajini alimeza kipande cha keki kwa shida.

"Ngojeni, ngojeni. Mkono si ushahidi. Siwezi kumfikisha nyapara kwa hakimu kwa sababu kanyoosha mkono. Nina mfungwa tayari. Geddes hana hata mtu mmoja wa kusema alikuwa wapi mchana ule."

Niliona Thorold akipumua. Niliona nimejichana bure. Kama angefunga mdomo pale, ingekuwa imekwisha.

Lakini Bi Honoria alikuwa ameukwepa mkono alionyooshewa na Thorold, akarudi nyuma kidogo, kama mtu anayeepa matope. Hilo ndilo lililomtia wazimu.

"Mnamsikiliza huyu?" akafoka, bado yuko chini kwa goti moja. "Mnajua huyu ni nani, anayewapikia? Muulizeni mfungwa wenu alikuwa wapi. Alikuwa kitandani kwa mpishi. Amelala mapajani mwake kama mke. Nimewaona kwa macho yangu mawili, dirishani, mvua inanyesha."

Wanyoaji wote walinigeukia.

Sajini akaweka keki chini. "Tierney. Ni kweli?"

Kupitia mlango wazi nilimwona Ewan kwenye nguzo yake. Alikuwa amesikia kila neno. Alitikisa kichwa, polepole, akinitazama. Kataa, Fergus. Kataa ujiokoe.

Nikikataa, Thorold ni mtu mwongo tu, na Ewan wangu ananyongwa. Nikikubali, Ewan hakuua. Na aliyetuona alikuwa njiani kwenda alikofia ndugu yangu.

Nawaambieni ukweli, nilitabasamu. Nilikuwa nimeionea aibu siri hiyo maisha yangu yote, na sasa ilikuwa kisu, na mpini wake uko mkononi mwangu.

"Ni kweli, afande," nikasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa banda. "Ewan alikuwa kwangu. Kichwa chake kilikuwa hapa. Ni wangu, na sijutii hata siku moja. Sasa muulize bwana huyu, aliyeshinda nyumba kubwa na mchumba wake, alikuwa anatafuta nini nje ya dirisha langu."

Sajini alinitazama, akamtazama Thorold. Hesabu ilikuwa inamwingia kwa taabu.

Bi Honoria ndiye aliyemsaidia.

"Hakuwa na mimi," akasema. "Alikuja jioni, viatu vimejaa tope. Akaniomba niseme tulikuwa pamoja tangu asubuhi. Aliniambia alikuwa amekwenda kunitafutia zawadi."

"Honoria."

"Una mke, Alwyn?"

Aliitazama glavu yake.

"Nimekuuliza kama una mke."

Na hapo Wally akalia. Alilia amepiga goti, kopo la lami mkononi, mbele ya mchumba wake, mbele ya sajini, mbele ya mikasi yote, kama nilivyotaka. Alisema Con alikuwa anamcheka. Alisema hakukusudia, kwamba alitaka tu anyamaze, kwamba alipoiona damu mkono ulikwenda wenyewe. Nilisimama juu yake nikasikiliza hadi mwisho. Ilikuwa tamu. Sikuwahi kuonja kitu kitamu namna ile, na damu yangu ilikuwa inadondoka juu ya kiatu chake.

"Con alikuwa hai bado ulipompaka?" nikamuuliza.

Akafunika uso kwa glavu ile nyeusi.

Basi Dooley akaweka mkasi wake chini. Wa pili yake akaweka. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa mstari, na banda likabaki na mlio wa kondoo peke yao.

Dooley akaja taratibu. Akalitoa kopo mkononi mwa Thorold kama unavyomnyang'anya mtoto kitu. Akamtazama. Halafu akanigeukia mimi, na mimi akanitazama zaidi. Nyuma yake wanyoaji walikuwa wamekwisha kuziba milango, na nguzo ya Ewan sikuweza kuiona tena.

Dooley akaanza kukoroga lami kwa kijiti, nami sikujua kama anamkorogea mtu mmoja au wawili.

"Afande," akasema, "mtoe huyu binti nje, ukae naye huko."

Sajini aliuangalia ule mstari wa watu. Mkono wake ulikuwa juu ya bastola, lakini hakuichomoa.

"Na mpishi?" akauliza. "Nimtoe?"

"Mpishi abaki."